Koo la Mwajabu

Kisa hiki sikigawi bure. Nikimaliza mtanilipa hukumu, kila mtu atatoa yake kwa kinywa chake, hata yule aliyejikunja kule nyuma akidhani simwoni. Asiyetaka kuhukumu atoke sasa hivi. Hayupo? Haya, sogeeni.

Katika kijiji cha Kwemshindo, upande wa Handeni, palikuwa na watu watatu, na kila mmoja alijaliwa lake.

Wa kwanza ni Mzee Kupaza, naye alijaliwa jicho. Kazi yake ilikuwa kukata kimeo. Kimeo mnakijua, kale kanyama kanakoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kwa wazee wa kule, mtu akikohoa ni kimeo, mtoto akitapika ni kimeo, mtu akikonda ni kimeo, na kimeo dawa yake ni kisu. Kupaza alikuwa na kisu chembamba kilichopinda ncha. Akikuchungulia kooni mara moja tu, amekwisha kujua kilichomo. Watoto wakimwona anakuja njiani hufumba midomo, na mimi siwalaumu.

Wa pili ni Mwantumu, naye alijaliwa kumbukumbu. Hakusoma, lakini ukimuuliza nani alivaa nini kwenye harusi ya marehemu fulani atakwambia, tena atakwambia na vazi lile liliazimwa kwa nani. Mtu wa namna hiyo hakaliki naye kwa urahisi. Anakumbuka mpaka yale mliyokwisha kusameheana.

Wa tatu ni Bi Mwanakombo, naye alijaliwa ukaidi. Akisema ndiyo ni ndiyo, akisema hapana nenda kalale. Marehemu mumewe alikuwa akisema kwamba katika nyumba ile yeye ni mpangaji tu.

Sasa watatu hawa walikutanishwa na koo la mtu mmoja, Mwajabu. Mwantumu alikuwa mama yake wa kambo. Bi Mwanakombo alikuwa mama mkwe wake. Na Mzee Kupaza hakuwa ndugu yake wa lolote.

Mwajabu alikuwa ameolewa na Mhina kwa miaka mingi bila mtoto. Walimsema kisimani, walimsema msibani, mpaka wenyewe wakachoka kusema. Ndipo Mungu akajalia, tumbo likatokeza. Mhina akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ili mtoto akija asikute nyumba tupu. Akamwambia mama yake, "Mama, nakuachia watu wawili." Kwa hiyo mjue tangu sasa, kila litakalotokea hapa linawahusu wawili.

Koo lilianza kumkereketa asubuhi. Kufika mchana hawezi kumeza mate. Kesho yake homa imempanda, chini ya taya pamevimba kushoto na kulia, na sauti imebadilika, akisema neno unalisikia kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Mate akawa anayatema kwenye kopo, maana kuyameza ni kama kumeza mchanga. Mimi nawaambieni, hakuna maradhi yanayotisha kama ya koo. Mguu ukiuma utakaa chini. Jino likiuma utaling'oa. Koo likifunga, utapumulia wapi? Mwajabu alikaa kitandani amejishika tumbo, na kila akivuta pumzi alikuwa anaisikiliza kama imefika.

Akanong'ona, "Mama, nipeleke zahanati."

Bi Mwanakombo akasema, "Zahanati watakuchoma sindano. Hicho ni kimeo, mwanangu. Mwenye kimeo akichomwa sindano hafiki jioni. Nitamwambia nini Mhina?"

Mnacheka. Msicheke. Maneno hayo yanasemwa katika nyumba nyingi kuliko mnavyodhani, na wanaoyasema si wajinga, ni watu walioogopa. Bi Mwanakombo aliwahi kuona jeneza likitoka nyumba ya pili baada ya mtu kuchomwa sindano, na tangu siku ile alikuwa na uhakika wake. Akatuma Mzee Kupaza aitwe.

Kupaza akaja na kisu chake kwenye kitambaa. Kijijini kule mkata kimeo akiingia nyumba ya mtu, watu hujaa uani, wengine kusaidia kushika, wengine kutazama tu. Wakamweka Mwajabu kwenye kigoda, uso umeelekea mlangoni penye mwanga. Bi Mwanakombo akasimama nyuma akamkamata kichwa kwa mikono miwili. Kisu kikawekwa juu ya kisahani. Mwajabu alikiona. Alitaka kupiga kelele, sauti ikamsaliti, akabaki anatetemeka mpaka kigoda kinagonga sakafu.

Kupaza akamkandamiza ulimi kwa mpini wa kijiko, akachungulia. Akachungulia tena.

"Nimemshika vizuri," Bi Mwanakombo akasema. "Kata."

Kupaza akakichukua kisu, akakifunga kwenye kitambaa.

"Hiki si kimeo."

"Umeangalia sawasawa?"

"Kimeo chake kizima. Yaliyovimba ni mafindofindo, haya mawili ya pembeni. Yamevimba mpaka yanataka kugusana, na yana usaha. Nikitia kisu hapa, damu na usaha vitashukia anakopumulia. Atakufa mikononi mwako, na aliye tumboni pia."

"Basi tufanyeje?"

"Mpeleke zahanati."

"Wewe, Kupaza, ndiye unayeniambia zahanati?"

"Ndiye mimi. Tena mpeleke sasa."

Alisema hivyo mbele ya watu wote waliojaa uani. Hakuna aliyewahi kumsikia mkata kimeo akisema kuna koo lililomshinda. Tangu siku ile wakaanza kumteta kwamba mkono umekuwa na woga, na waliokuwa wakimwita wakaacha kumwita. Yeye aliyajua hayo kabla hajafungua mdomo. Angeweza kukata akaenda zake. Akifa mtu baada ya kukatwa, husemwa kwamba kimeo kilichelewa kukatwa, na mkataji halaumiwi.

Haya, tumpumzishe Kupaza.

Kisu kilipokataa, Bi Mwanakombo hakuwa na njia nyingine. Wakampakia Mwajabu kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma amemkumbatia, wakafika zahanati. Tabibu aliitwa Eliwaza, mwanamke mpole wa maneno machache, mgeni kutoka Upareni. Akampima homa, akambonyeza shingo, akamulika kooni.

"Anakohoa?"

"Hakohoi," Bi Mwanakombo akasema.

"Mama, makoo mengi yanayouma hayahitaji dawa kali. Ni virusi, mtu anasukutua maji ya chumvi, anapumzika, yanapita. Hili ni jingine. Lina usaha, lina homa, tezi za shingo zimevimba, na hana kikohozi. Hawa ni bakteria, na kwa mjamzito hatungoji."

"Utampa dawa gani?"

"Zipo kadhaa. Tunaanza na penisilini. Ni ya zamani, lakini kwa koo hili bado haijashindwa. Kuna mpya mpya ambazo watu wanazipenda kwa sababu dozi yake ni fupi. Upya wake hauziongezei nguvu kwa koo kama hili. Sasa kwa kuwa hawezi kumeza, nitamchoma."

Bi Mwanakombo aliposikia hilo neno, akamshika tabibu mkono. Akasema, "Daktari, nakuomba kwa Mungu, asichomwe."

Eliwaza akamgeukia mgonjwa. "Kuna dawa yoyote iliyowahi kukudhuru?"

Mwajabu akatikisa kichwa. Hakusema uongo. Hakuwa anajua. Tabibu akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akapangusa mkono wa mgonjwa kwa pamba, na mama mkwe akageukia ukutani akaanza kusoma dua.

Hapo ndipo alipoingia Mwantumu, kichwa wazi, kanga imeanguka njiani.

Lazima mjue mwanamke huyu alikuwa nani. Mwajabu alipokuwa mdogo, mama yake mzazi alifariki, baba akamwoa Mwantumu. Mtoto hajazoea hata harufu ya mwanamke mpya, akakatwa na jembe mguuni, akapelekwa hospitali, akachomwa penisilini. Kabla hawajatoka mlangoni akavimba. Midomo ikavimba, macho yakafunga, kifua kikawa kinalia filimbi. Akapona kwa kudra. Lakini maneno yalikwisha kutoka. Kijiji kilisema ni kimeo kimekutana na sindano. Ndugu wa baba walisema vibaya zaidi, kwamba mama wa kambo amemlisha mtoto kitu. Mtoto akachukuliwa, akalelewa na bibi yake, na ndivyo alivyokua, akijua kwamba yule mwanamke alitaka kumuua. Wakikutana njiani waliamkiana kwa kutazama chini.

Mwantumu peke yake alirudi hospitali kuuliza. Akaambiwa mwili wa mtoto huyu unaikataa penisilini, na siku akipewa tena anaweza kufa. Akaenda kuwaambia ndugu. Nani angemsikiliza? Mtuhumiwa huwa hana neno. Akalifunga moyoni akakaa nalo.

Siku hiyo alikuwa anatwanga mahindi. Mtu aliyepita akasema Kupaza ameshindwa, Mwajabu amepelekwa kuchomwa sindano. Akaacha mchi ndani ya kinu, akakimbia.

"Daktari, hiyo dawa gani?"

"Mama, subiri nje."

"Ni penisilini?"

"Ndiyo."

"Usimchome. Mwili wake unaikataa."

Bi Mwanakombo akageuka kutoka ukutani. "Wewe tena? Umefuata nini hapa? Hukumaliza?"

Mwantumu hakumtazama. Alikuwa anamtazama tabibu mkononi. "Aliwahi kuchomwa akiwa mdogo. Alivimba midomo, akavimba macho, kifua kikalia filimbi. Mtanifukuza, sawa, nitatoka. Kwanza weka hiyo sindano chini."

Eliwaza akaiweka chini. Akaisukuma mbali kabisa na kitanda. Mwajabu akamtazama yule mwanamke aliyemwogopa maisha yake yote, na machozi yakamtoka.

Fikirini. Ile sindano ingeingia, Mwajabu angeweza kufa palepale kitandani, na kijiji kizima kingesema, tuliwaambia, kimeo na sindano. Nani baada ya hapo angepeleka koo lake zahanati? Na Mwantumu je? Angechelewa kidogo akamkuta ameshachomwa, angekutwa chumbani na maiti. Wangesema amekuja kumalizia kazi aliyoianza. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa anaogopa njia nzima, na mara moja alisimama akataka kurudi. Hakurudi.

Tabibu akampa mgonjwa kwanza dawa ya maumivu ya kupuliza kooni, koo likalegea kiasi cha kupitisha maji. Kisha akatoa vidonge vya erithromaisini.

"Hii itafanya kazi ya ile," akasema. "Kwake ndiyo salama, na mtoto haitamdhuru. Lakini inachafua tumbo, mtaona. Asiiache. Akijisikia nafuu aendelee, mpaka kidonge cha mwisho. Koo hili likiachwa njiani hurudi, na likirudi linaweza kushukia kwenye moyo."

Mwajabu akameza, uso umekunjamana kwa maumivu. Halafu akasema, na wote waliokuwamo chumbani wakasikia, "Atakayenivusha hapa, yeye ndiye atakayempa mtoto wangu jina."

Mwanadamu akiogopa huahidi. Wala hakusema "watakaonivusha". Alisema "atakayenivusha", mtu mmoja.

Sasa Bi Mwanakombo. Kuna mwenzenu hapa amekunja uso, anajiuliza mwanamke aliyetaka kukata koo anatafuta nini kwenye kisa cha walioponya. Ngoja.

Kwemshindo dawa haimalizwi. Ndivyo watu walivyozoea. Ukipata nafuu unaacha kumeza, vilivyobaki unavifunga kwenye kitambaa, na jirani akiugua unampa, kama unavyompa chumvi au kaa la moto. Anayemaliza dawa yake yote peke yake anaitwa mchoyo. Bi Mwanakombo mwenyewe aliishi hivyo maisha yake yote. Lakini aliporudi kutoka zahanati, alivifunga vile vidonge kwenye pindo la kanga yake, na kanga ile hakuivua.

Homa ikashuka. Mwajabu akaweza kunywa uji. Na dawa, kama alivyosema tabibu, ikaanza kumchafua tumbo. Anameza, anatapika, anajishika tumbo kwa hofu.

"Mama, nimepona. Hii dawa itanitolea mtoto."

Bi Mwanakombo naye aliogopa. Msidhani hakuogopa. Mjukuu aliyemsubiri miaka yote ile yumo humo ndani, na mama yake anatapika mpaka nyongo. Alitoka nje akalia, kisha akaingia na bakuli.

"Kunywa uji kwanza, halafu kidonge. Daktari amesema haimdhuru."

"Mama, nihurumie."

"Nilikukamata kichwa ukatwe koo kwa sababu ya hofu yangu. Leo hofu hiyohiyo inaniambia nikuache. Siisikilizi tena. Fungua mdomo."

Akawa anamkalia pale mpaka ameze, anamtazama chini ya ulimi kama mtoto. Mwajabu alimchukia, na alimwambia. Bi Mwanakombo hakuondoka.

Kisha akaja Mwanaidi, binti yake wa kumzaa, koo linamuuma, shingo amejifunga mtandio.

"Mama, nigawie vichache. Wifi ameshapona."

"Havigawiki."

"Vichache tu, mama. Toka lini dawa ikawa ya mtu mmoja?"

"Nenda zahanati ukapimwe, upewe zako."

"Mimi ndiye uliyenizaa. Yule ameletwa na ndoa."

"Najua niliyemzaa. Nenda zahanati."

Mwanaidi alilia kama mtu aliyefukuzwa. Majirani wakasema Bi Mwanakombo amerogwa na mkwewe. Binti akaenda zahanati kwa hasira, akapimwa, akapewa penisilini yake, akapona vizuri. Lakini mpaka leo hakanyagi kwa mama yake. Akikutana naye sokoni anamwamkia kama anavyomwamkia mke wa mtu baki, na mama yake anarudi nyumbani hana hamu ya kula.

Vidonge vikaisha. Koo likapona, likapona kabisa. Mimba ikakua, na Mwajabu akajifungua mtoto wa kike, mzima, analia kwa sauti ya kugombana na watu.

Leo ndiyo siku ya jina. Mhina amerudi, mbuzi wa akika amechinjwa, mtoto amenyolewa, shehe amekaa. Desturi yao ni kwamba mtoto asiye na jina hatolewi nje. Na wale watatu wamekuja, kila mmoja na jina lake moyoni.

Mzee Kupaza amekaa karibu na mlango. Hana mke, hana mtoto, wala sasa hana kazi. Katika dunia hii hajawahi kumpa mtu yeyote jina. Lakini Mwajabu angekatwa siku ile, hayo mengine yote yasingekuwapo.

Mwantumu amekaa pembeni, na watu wamemwachia nafasi kubwa kuliko anayoihitaji. Hajaomba. Lakini akiitwa yeye ampe mtoto jina, mbele ya ndugu wote wa Mwajabu, hakuna atakayeweza kusema tena kwamba alimlisha mtoto sumu. Asipoitwa, wataendelea.

Bi Mwanakombo amekaa katikati. Kwa desturi jina ni haki yake hata bila ahadi yoyote, yeye ni mama wa baba. Amempoteza binti kwa ajili ya vidonge vile. Akinyimwa na jina, amebakiwa na nini?

Najua kuna mjanja atasema tabibu. Tabibu aliulizwa. Akasema, "Mimi niliokolewa siku ile kama alivyookolewa mgonjwa. Mniondoe." Basi tumemwondoa.

Wengine mtasema wampe majina matatu. Haiwezekani. Sikioni mwa mtoto hutiwa jina moja.

Na Mwajabu anaogopa. Koo hajalisahau, lakini hofu ya leo ni nyingine. Anajua kwamba wawili kati ya hawa watatu watatoka mlangoni na kinyongo, na kinyongo cha mtu aliyekupa uhai hakuna anayejua kinaangukia wapi. Kinaweza kumwangukia mtoto. Yuko nyuma ya pazia, amempakata binti yake, sebule nzima inamsubiri. Anafungua mdomo. Koo ni zima, pumzi inapita, na neno halitoki.

Mimi nimefika hapo. Msemeeni ninyi. Wewe wa kule nyuma, anza. Mtoto huyu ungemkabidhi nani ampe jina, na wale wawili uliowanyima, ungewatazamaje?